Bi Taratibu na Hita Yangu

Jumatatu, 1 Julai

Nimeletewa mwanamke. Si nyumbani, kwenye lori.

Miaka kumi na saba nimeendesha lori hili peke yangu. Lori la dizeli, lenye pua ndefu na umri wa kuoa. Tunapandisha saruji mji wa mlimani, tunashusha viazi. Siku moja kupanda, siku moja kushuka. Mtu wa pili wa nini? Lakini leo meneja kaniita ofisini, kasema kuanzia sasa kila lori madereva wawili, wapokezane usukani, maana watu wanasinzia. Nikamwambia mimi sisinzii. Akaniuliza lile tundu kwenye ukuta wa yadi lilitobolewa na nani. Kuna watu hawajui kusamehe.

Mwenzangu mwenyewe ni mama wa makamo, mfupi, kofia ya sufu kichwani jua likiwaka. Zamani aliendesha lori la maji. Kila kitu kwake ni taratibu. Kufunga mlango, taratibu. Kukata kona, taratibu. Kunywa chai, taratibu mpaka chai yenyewe inachoka kusubiri. Nimembatiza Bi Taratibu. Kimoyomoyo tu.

Ningeweza kumvumilia. Tatizo ni lori jipya! Linakuja wiki ijayo, na litafanya njia yetu hii ya mlimani. Meneja kasema kati yetu wawili mmoja atakuwa dereva wa kwanza, mwingine msaidizi wake. Atatupima kwanza.

Mimi, msaidizi! Mimi ambaye yadi nzima wananiita Mjuzi! Sijawahi kuwauliza kwa nini, lakini nadhani sababu iko wazi.

Nimepata mpango. Kule juu mwezi huu ni baridi ya kung'oa masikio. Bila hita kwenye kebini hakukaliki. Na hita ya lori langu ina siri: koki moja ndogo chini ya boneti. Ukiifungua, maji ya moto ya injini yanapita kwenye bomba la mpira hadi nyuma ya dashibodi, feni inapuliza joto. Ukiifunga, feni inapuliza upepo wa makaburini. Koki hiyo iko wapi? Najua mimi tu. Safari mbili za namna hiyo, Bi Taratibu ataomba mwenyewe apelekwe njia ya tambarare. Sitakuwa nimemfukuza. Ataondoka kwa miguu yake. Huo ndio uungwana.

Jumanne, 2 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa chini ya boneti. Robo mzunguko, koki imefungwa. Nikajifuta mikono, nikapanda kebini nikipiga mluzi kama mtu mwema.

Tulipovuka daraja mlima ulianza, na ukungu ukashuka. Bi Taratibu akawasha hita. Akaweka kiganja kwenye tundu la hewa. Akasubiri. Akaweka kiganja cha pili. Akasema hita inapuliza baridi. Nikasema lori hili ndivyo lilivyo, na kwamba mimi binafsi baridi siijui. Nimezaliwa hivyo.

Ulimi huu! Ningesema "ndivyo lilivyo" nikaishia hapo, ningepungukiwa na nini? Sasa nimezaliwa bila kujua baridi, na nimevaa shati la mikono mifupi.

Yeye akafungua begi. Taratibu. Likatoka koti refu lenye manyoya ndani. Ikatoka shali. Zikatoka soksi, glavu, chupa ya chai. Tulipofika kona ya tatu alikuwa kama robota la pamba lenye macho. Mimi vidole vilikuwa vimeganda kwenye usukani, ikabidi nivibandue kimoja kimoja kila nikibadili gia. Meno yakaanza kugongana. Akauliza ni nini hicho. Nikasema naimba. Akauliza wimbo gani. Nikasema wa zamani, haujui.

Nyuma ya kiti nina sweta. Mke wangu kaifuma miezi mitatu, nene kama godoro, kanikabidhi mlangoni leo asubuhi akaniambia nisimuaibishe. Nitaivaaje? Mtu asiyejua baridi anavaaje sweta? Bi Taratibu akaiona. Akauliza kama inatumika. Nikasema haitumiki. Akajifunika nayo magotini, safari nzima.

Hakulalamika hata mara moja. Anaficha maumivu. Naona dalili.

Jumatano, 3 Julai

Kushuka na viazi. Nimepata mafua. Yeye mzima kama kengele.

Na sasa kaanza upelelezi! Kabla hatujaondoka kule juu aliomba tuwashe injini ipate moto, halafu tufungue boneti, kwa sababu hita haiwezi kugoma bila sababu. Nikasema hatuna muda. Akasema viazi haviozi kwa nusu saa.

Akaangalia maji ya rejeta: yamejaa. Akasikiliza feni: inapuliza vizuri. Akatazama mshale wa joto: injini iko moto. Kila kitu anaandika kwenye kijidaftari chake. Kisha akavua glavu, akashika mabomba mawili ya mpira yanayoingia kwenye kebini. Moja moto, jingine baridi kama pua ya mbwa. Akaniuliza, mimi Mjuzi, naonaje.

Koki ilikuwa shubiri mbili tu kutoka kwenye kiwiko chake, imejificha kwenye grisi na vumbi. Nikasogea, nikaikinga kwa mgongo wangu. Nikamweleza kitaalamu: bomba moja linaleta moto, la pili linaleta baridi, yanakutana katikati, mtu anapata vuguvugu.

Akauliza vuguvugu lenyewe liko wapi.

Nikasema linachelewa.

Akasema, "Kumbe." Neno moja tu. Akafunga kijidaftari.

Nimemmaliza! Hajui aanzie wapi.

Nyumbani mke wangu kauliza sweta iko wapi. Nikasema kwenye lori. Kauliza kama niliivaa. Nikasema ilitumika. Kauliza ilitumikaje. Nikasema Bi Taratibu alijifunika miguu. Naandika haya sebuleni, mlango wa chumba umefungwa kwa ndani.

Alhamisi, 4 Julai

Hatusafiri leo, lori linapakiwa. Mke wangu kafungua mlango, lakini kwa masharti. Jumamosi nikirudi atakuja yadini kunipokea, na anataka kuniona nimeivaa ile sweta. Akiivaa mtu mwingine, au isipovaliwa kabisa, ataifumua mbele ya madereva wenzangu, uzi mmoja mmoja. Huyu mwanamke hatishi watu bure. Aliwahi kufumua kofia ya kaka yake.

Miguu ndani ya beseni la maji ya moto, nikafikiri upya. Kwa nini nigande na mimi? Koki si lazima ifungwe yote. Nikiifungua kidogo, joto dogo litapita. Matundu ya hewa ya upande wake nitayaziba kwa gazeti. Mimi vuguvugu, yeye barafu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi zangu ni nyingi.

Mchana nikaenda yadini. Koki imekaza! Juzi ilizunguka kama kifuniko cha sufuria, leo haitaki. Nikachukua koleo. Nikabana kishikio, nikavuta. Tak! Kishikio kikabaki kwenye koleo, koki ikabaki imefungwa. Imefungwa moja kwa moja, haifunguliki tena na binadamu.

Nikasimama na kile kichuma mkononi kama mtu aliyeng'oa jino lake mwenyewe.

Kabana ya bomba, ile pete inayolibana, nayo ililegea kidogo nilipokuwa navuta. Nimeifunga kwa kamba ya mkonge. Imara kabisa.

Fundi wa karakana akapita. Tunamwita Subiri, maana hilo ndilo jibu lake kwa kila swali. Nikamuuliza kwa kuzunguka: rafiki yangu mmoja, wa mbali sana, kavunja kishikio cha koki ya hita, afanyeje? Akasema huyo rafiki yako ni bwege. Nikasema nitamfikishia. Akasema koki mpya ni ya kuagiza, wiki tatu. Subiri.

Kishikio nimekitia mfukoni, kwenye leso. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 5 Julai

Siku ndefu. Naandikia kwenye nyumba ya wageni huku juu.

Nilianza vizuri. Asubuhi nilifanya mambo mawili ya akili. La kwanza, nilifunika rejeta kwa katoni. Sababu: injini ikikosa upepo itachemka zaidi, na moto wake utapenya mpaka miguuni kwangu. La pili, nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya plastiki nikaifunga tumboni, chini ya shati, kwa mkanda. Nje shati la mikono mifupi, ndani tanuri. Mjuzi!

Kilomita ya thelathini Bi Taratibu akauliza kwa nini tumbo langu linapiga mawimbi kila tukikata kona. Nikasema ni uji. Kilomita ya arobaini ng'ombe akavuka barabara. Nikakanyaga breki. Usukani ukabana chupa. Kifuniko kikatoka.

Sitaki kueleza. Suruali yote. Na maji yaliyokuwa moto kwa dakika tatu yalikuwa baridi kwa saa nzima. Bi Taratibu akavua shali yake, akanirushia magotini, akageukia dirishani kutazama ukungu. Ningependa angecheka.

Kwa sababu ya suruali sikutazama dashibodi. Aliyeitazama ni yeye. Akasema, "Kaka, simama." Nikasema mlima mkali, tukisimama hatutaondoka. Akasema, "Simama sasa hivi." Hakusema taratibu. Nikaona mshale wa joto: umepita kwenye nyekundu, umeegemea ukingoni kama mlevi ukutani.

Tulisimama. Mvuke ukapanda kila upande wa boneti, nikadhani tunaungua. Tani ishirini za saruji nyuma, genge kushoto. Nikafikiri injini imekufa. Imeua miaka yangu kumi na saba.

Nikaruka chini nikakimbilia kifuniko cha rejeta. Bi Taratibu akanipiga kibao cha mkono, kwa glavu.

"Unataka kuchemshwa kama kiazi?"

"Tuongeze maji!"

"Ikipoa. Kaa pale."

Nikakaa kwenye jiwe. Yeye akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua boneti, akaiona katoni. Akaichomoa, akaikunja vizuri, akaiweka pembeni bila kuniuliza. Tulingoja zaidi ya saa moja. Kisha akafuata unyevu kwa kidole mpaka kwenye kamba yangu ya mkonge. Kabana imelegea, maji yamekuwa yakidondoka tangu asubuhi. Akapangusa grisi kwa kitambaa, koki ikajitokeza hadharani. Kichwa kitupu.

"Kishikio kiko wapi?"

Nikasema mitetemo. Barabara hii mbovu.

Akainama, akaangalia zile alama kwenye chuma. "Barabara ina koleo?"

Nikapiga chafya. Haikuwa ya kusingizia, lakini ilinifaa.

Akafanya kazi. Akaitoa koki nzima. Kwenye sanduku lake la vifaa akapata kipande cha bomba la chuma, urefu wa kidole, akakichomeka kati ya mabomba mawili ya mpira, akakaza kabana huku na huku. Akasema sasa maji yatapita moja kwa moja. Nikauliza maji yenyewe tutayapata wapi, mto uko chini ya genge. Akashusha madumu mawili kutoka nyuma ya kiti. Aliyewahi kuendesha lori la maji, akasema, haendi popote bila maji.

Injini ikawaka. Hita ikapuliza moto. Moto hasa! Nikaweka vidole kwenye tundu la hewa na, nakiri hapa tu, machozi yalinitoka. Bi Taratibu akauliza kama nalia. Nikasema mimi baridi siijui, na joto pia silijui, ni moshi.

Kwenye kitabu cha lori kaandika: "Koki ya hita imekutwa haina kishikio. Imeondolewa, mabomba yameunganishwa kwa muda." Hakuandika jina. Kwa nini hakuandika jina? Huyu mama ana mpango.

Jumamosi, 6 Julai

Kuna jambo sikulifikiria jana. Hita isiyo na koki haizimiki.

Kule juu ilikuwa raha. Bi Taratibu kanirudishia sweta, imekunjwa, inanukia sabuni yake. Nikaivaa mara moja, maana mke wangu atakuwa yadini ananingoja. Nikasema naivaa kwa heshima ya ndoa, si kwa baridi. Akasema ndoa ni kitu kizuri.

Tukashuka. Ukungu ukaisha, jua likatoka. Tambarare ikaja na joto lake. Feni tulizima, lakini hewa ya moto inajipenyeza yenyewe, na chuma cha dashibodi huwezi kukigusa. Bi Taratibu kavua koti. Kavua soksi, kavua glavu. Kashusha kioo cha upande wake, kabaki na gauni jepesi, anajipepea kwa kijidaftari. Kioo cha upande wangu hakishuki tangu mwaka juzi.

Na mimi ndani ya godoro la sufu! Jasho likaanza kwenye unyayo likapanda. Nikafikiri niivue, nitaivaa tena karibu na yadi. Nikasimamisha lori, nikavuta sweta, ikanasa. Shingo imebana, sufu imelowa, mikono yote miwili iko juu, sioni kitu. Nikasikia sauti ya Bi Taratibu ikiuliza kama nahitaji msaada au naimba. Aliishusha tena mwilini kwangu kama anavalisha mtoto wa shule, akachukua usukani yeye.

Hivyo ndivyo tulivyoingia yadini. Yeye anaendesha, amepoa kama mtungi. Mimi pembeni, mwekundu, nachuruzika, nimevaa sweta. Meneja yuko dirishani. Mke wangu yuko getini.

Mke wangu alifurahi sana. Kasema imenikaa.

Jumapili, 7 Julai

Mapumziko. Nimekaa kwenye ngazi nikiwaza lile jina lisiloandikwa.

Nimemweleza mke wangu habari yote, nikibadilisha wahusika. Nikasema kuna dereva mmoja wa kampuni nyingine. Kasikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele. Kisha kasema huyo dereva amwombe radhi mwenzake kesho asubuhi kabla jua halijapanda, na aache kuvaa kaptula yangu ya bluu anapokaa kwenye ngazi.

Kuomba radhi! Wanawake hawaelewi mambo ya barabara. Bi Taratibu kaficha jina langu ili alitoe siku ya uamuzi, mbele ya meneja, kama mtu anavyotoa karata. Mimi si mtoto. Nitawahi.

Jumatatu, 8 Julai

Nimewahi.

Saa mbili kamili nilikuwa ofisini kwa meneja, nimechana nywele, uso wa huzuni. Nikamwambia nimekuja kwa masikitiko. Dada yetu ni mchapakazi, sina ubaya naye, lakini mikono yake ina nguvu kuliko busara. Kavunja koki ya hita kwa kuivuta ovyo, kisha kachomeka chuma kwenye mabomba bila ruhusa ya karakana. Injini nusura ife. Kama si mimi kusimamisha lori kwa wakati, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Meneja akatikisa kichwa. Nilikuwa nazungumza vizuri mno, hata mimi nilianza kumwonea huruma huyo Mjuzi.

Mafua! Chafya ikaja kutoka mbali, kama gari la moshi. Nikachomoa leso mfukoni.

Kishikio kikaruka. Kikagonga meza ya meneja, kikazunguka mara mbili kama kinamtafuta mwenyewe, kikatulia kikinielekea mimi.

"Hiki ni nini?" meneja akauliza.

"Ushahidi, bosi."

"Umeupata lini?"

"Alhamisi."

Akafungua kitabu cha lori. Akasoma. Akakifunga. "Alhamisi lori lilikuwa hapa yadini, linapakiwa. Bi mkubwa huyo alikuwa nyumbani kwake. Na Ijumaa ukapanda nalo mlima hukuandika chochote. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nachunguza."

"Unamchunguza nani?"

Nikaomba chafya nyingine. Haikuja. Chafya ni kama ndugu, ukiihitaji haionekani.

Akamwita fundi Subiri. Fundi akakigeuza kishikio, akaziona alama za meno ya koleo, akauliza, kwa upole mbaya sana, yule rafiki yangu wa mbali anaendeleaje.

Meneja kasema kesho tufike ofisini kwake wote wawili, mimi na Bi Taratibu. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nimerudi nyumbani kwa miguu ingawa ni mbali. Miaka kumi na saba. Sijui kazi nyingine. Mke wangu kaniwekea chakula, hakuniuliza kitu, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Sikula.

Jumanne, 9 Julai

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Meneja kaanza na mimi. Kasema lori jipya dereva wa kwanza ni dada. Nikasema sawa. Kasema na mimi barabarani sirudi. Kuanzia kesho nitakuwa getini: lori linakuja nafungua, lori limepita nafunga. Kila dereva wa yadi atanipigia honi.

Bi Taratibu akaomba kusema. Akavuta kiti, taratibu, akakaa. Akasema lori jipya linahitaji msaidizi, na yeye anamtaka huyu.

Meneja akadhani hakusikia vizuri. Mimi pia.

Akasema anajua nilichokifanya, na yuko tayari kunisimamia. Meneja akatutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyeletewa hesabu isiyogawanyika. Akasema haya, lakini nikigusa tena kitu chini ya boneti bila ruhusa, geti linaningoja.

Nje, karibu na pipa la mchanga, nikamkimbilia. Nikamuuliza alijua tangu lini.

"Jumanne ile ile, kabla hatujamaliza mlima wa kwanza," akasema. "Mtu asiyejua baridi hatazami tundu la hewa kila dakika."

"Na koki?"

"Jumatano. Uliikinga kwa mgongo wako. Nikajua iko hapo."

"Sasa mbona ulinyamaza, dada?"

"Mimi nilikuwa na koti."

Nikamuuliza basi kwa nini ananitaka. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Akasema kwenye lori la maji alikuwa na mwenzake, mtu mwema sana, mpole, hana neno na mtu. Zamu yake ya usukani, alfajiri moja, akasinzia, lori likapinduka. Yeye Bi Taratibu alitoka kupitia dirishani. Mwenzake hakutoka.

"Wewe, kaka, safari nne hujafumba jicho," akasema. "Kila saa una jambo kichwani. Watu wema wanasinzia. Mtu wa hila hasinzii. Nataka nikienda kupumzika nijue kuna mtu macho."

Nikachomoa leso. Mafua haya!

Nikamwomba radhi. Ndiyo, niliomba, kwa maneno yangu mwenyewe, leso mkononi. Akasema yamekwisha, nikanywe tangawizi.

Nimemsimulia mke wangu, safari hii bila kubadilisha wahusika. Kasema nikimsumbua tena yule mama atafumua sweta nikiwa ndani yake.

Ijumaa, 12 Julai

Lori jipya limefika! Jeupe, linanukia plastiki. Vioo vyote vinashuka. Hita ni kitufe tu: bluu, nyekundu, basi. Hakuna koki ya kugusa, na hata kama ingekuwepo nisingeigusa. Mimi ni mtu mwingine. Nimemwambia hivyo Bi Taratibu, nimemwambia fundi, nimemwambia mlinzi wa geti, ambaye sasa namsalimia kwa heshima kubwa. Nimelala vizuri siku tatu. Moyo mweupe ni mto mzuri.

Leo tulilikagua pamoja. Nilimbebea begi. Nilimfungulia mlango. Akapanda kwenye kiti cha dereva wa kwanza, na kiti kikashuka kidogo kikapanda, laini, kama kinapumua. Fundi akaeleza kwamba kiti hicho kinakaa juu ya upepo. Chini yake kuna mfuko, unajazwa hewa kutoka kwenye tangi. Ndiyo maana mtu mfupi kama yeye anaweza kuona barabara yote.

Wao wakaenda nyuma kutazama taa. Mimi nikabaki, nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Kuna kibomba chembamba cha bluu. Kinaingia kwenye mfuko kwa kijifungio cha kubofya tu, hata koleo halihitajiki. Na kiti hakiko chini ya boneti. Meneja alisema chini ya boneti. Nakumbuka vizuri kabisa maneno yake.

Nimekitazama tu. Kutazama si kosa. Kesho nitafika yadini saa kumi na mbili kasoro robo, kabla ya watu, nikitazame vizuri zaidi.